Mwenzetu Anayewaka Haraka: Chama Kisimame Naye au Kimwache?



Liko swali moja ambalo hurudi kila mara katika mikutano ya matawi, na kila mara hujibiwa kwa kelele. Mwanachama ambaye leo anagombana na karani wa mizani, kesho na nyapara, keshokutwa na sisi wenyewe viongozi wake, je, siku anapoandikiwa barua ya kufukuzwa, chama kina wajibu wa kumtetea? Wengi hujibu kwamba mtu wa namna hiyo anatuharibia jina mbele ya waajiri, na kwamba ni afadhali nguvu za chama zitumiwe kwa wafanyakazi watulivu. Sisi tunasema wajibu upo. Tutaeleza kwa nini, maana ndani ya jambo hili mna elimu ambayo bado haijafika makambini kwetu, na mwajiri anafaidika kwa sababu haijafika.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nani. Hatuzungumzi juu ya mtu aliyekasirika kwa sababu mshahara umechelewa. Huyo hana ugonjwa wowote, anayo macho tu. Tunazungumza juu ya mwenzetu ambaye tangu ujana wake moyo hupanda haraka kuliko wa wengine, hupanda juu zaidi, na huchukua muda mrefu kushuka. Neno dogo humchoma kama kaa la moto. Mtu aliyemwita jana ndugu wa damu, leo humwona adui kwa kuwa alipita bila kumsalimu. Anaogopa mno kuachwa, na kwa kuogopa huko huwafukuza wale wale asiotaka wamwache. Wako wanaojiumiza wenyewe miili yao. Hali hii haiji na kuondoka kama malaria, imekaa naye miaka, nyumbani, kazini na katika ndoa.

Madaktari wa akili huziita hali za jamii hii matatizo ya hulka, na hiyo tuliyoieleza huiita bodalaini. Ziko nyingine. Yupo asiyemwamini mtu yeyote, yupo ajitengaye na wote, yupo asiyejali maumivu ya mwenzake. Zamani ziligawanywa katika makundi mengi yenye majina mengi, lakini kitabu kipya cha Shirika la Afya Duniani cha kuainisha magonjwa, kilichoanza kutumika Januari 2022, kimeacha sehemu kubwa ya majina hayo, na sasa kinauliza hasa kama hali ni hafifu, ya wastani au kali. Kwetu hilo ni jambo jema. Jina likishabandikwa kwa mtu halibanduki, ila ukali hupanda na kushuka.

Wala si watu wachache. Mwaka 2020 watafiti walijumlisha hesabu za nchi 21 wakakadiria kwamba karibu watu 8 katika kila 100 wana tatizo la hulka la aina fulani. Katika nchi tajiri makadirio yalikaribia 10, na katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati yalikuwa karibu 4. Chukua hiyo ndogo peke yake, uipeleke kwenye shamba lenye wafanyakazi 2,000. Utapata wenzetu 80, na wote wanakatwa ada ya chama kama sisi.

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo. Sisi tulioishia darasa la saba tulizoea kusikia kwamba hasira hukaa moyoni na akili hukaa kichwani, kila kimoja nyumbani kwake. Wataalamu wanasema sivyo. Hisia huja yenyewe bila kualikwa, lakini ikishafika, ni mawazo yanayoipikia chakula au kuinyima. Huko Leiden, Uholanzi, Nadia Garnefski na wenzake walitoa mwaka 2001 orodha ya maswali ya kupima jinsi mtu anavyofikiri baada ya kupatwa na jambo baya, wakatenga njia tisa. Hatutazichambua zote, ila kila msomaji atazitambua zile zinazotesa. Mtu aweza kujilaumu: ni mimi, siku zote ni mimi. Aweza kumlaumu mwingine. Aweza kulikuza jambo, sisimizi akawa tembo, kosa moja likawa mwisho wa maisha. Na aweza kucheua, yaani kufanya kama ng'ombe, alichokwisha meza asubuhi anakirudisha mdomoni mchana na kukitafuna tena, na usiku tena. Upande wa pili ziko njia zinazotuliza, kama kukubali kwamba jambo limekwisha kutokea, kulilinganisha na mengine makubwa zaidi, kulitazama kwa maana nyingine, na kupanga la kufanya.

Binadamu wote tunazitumia zote. Tofauti ya mwenzetu mwenye tatizo la hulka, hasa hiyo bodalaini, ni kwamba watafiti wamemkuta mara kwa mara akikaa zaidi katika kucheua na kukuza na kujilaumu, na zile njia za kutuliza hazimjii upesi, hasa moyo ukiwa umekwisha panda. Usidhani hana akili. Mara nyingi anayo kali sana, na ukali huo ndio anaojichomea.

Na kazi zetu zinamsaidia kucheua. Mchuma chai mikono yake inajua njia yenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tangu umande mpaka jua la saa nane. Mikono imeajiriwa, kichwa kimeachwa huru. Vivyo hivyo aliye kwenye mashine ya kufunga pakiti zamu ya usiku. Mtu mwenye moyo mtulivu atapanga ada ya watoto au ataimba. Mwenzetu huyu atakuwa na saa nane za kutafuna neno moja.

Tutatoa mfano wa shamba moja ambalo hatulitaji. Dada mmoja, mchumaji hodari, alifika kwenye mizani asubuhi. Karani alimsalimu aliyemtangulia, akamsalimu aliyemfuata, yeye akaandikiwa kilo zake kimya kimya. Basi. Hakuna aliyemtukana. Akarudi kwenye ngwe yake, na baadaye alimweleza mwakilishi wetu jinsi mawazo yalivyokwenda. Hakunisalimu. Kwa nini? Ananichukia. Basi hata kilo ameniibia. Wenzangu wameona, wananicheka. Wote wanajua mimi si kitu. Hata mume wangu aliniacha kwa sababu hiyo. Ilipofika mizani ya pili alikuwa amekwisha pigana vita vizima kichwani, peke yake, na karani hajui lolote. Alimwaga kikapu miguuni pa karani, akamtukana yeye na mama yake, akaondoka shambani. Hiyo ilikuwa barua ya onyo ya tatu.

Tazama hapo. Nyapara aliandika: "Amemshambulia karani bila sababu." Kwa macho ya nyapara ni kweli. Sababu ilikuwapo, ila ilikuwa imejengwa kidogo kidogo kwa saa tano mahali ambapo nyapara haoni.

Edward Selby na Thomas Joiner, wataalamu wa Marekani, waliandika mwaka 2009 juu ya mwendo wa namna hii. Walieleza kwamba kwa watu hawa mawazo na hisia husukumana kama maji ya maporomoko. Uchungu huleta kucheua, kucheua huongeza uchungu, uchungu ulioongezeka hudai kucheuliwa zaidi, mpaka mtu hawezi kustahimili tena. Hapo anatafuta kitu chochote chenye nguvu ya kukata mwendo huo kwa ghafla. Mwingine hujikata mwili. Mwingine hunywa waragi mpaka aanguke. Mwingine hupiga, au huacha kazi palepale. Watu huona kile kitendo cha mwisho na kusema huyu ni mwovu au mwendawazimu. Kwake yeye ilikuwa njia mbaya ya kuzima moto.

Je, dawa yetu ya kawaida ni ipi? Ni kumwambia: kaza moyo, nyamaza, hasira hasara. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haimfundishi mtu afanye nini kati ya hasira na hasara. Na kunyamazisha uso si kutuliza moyo. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson, huko California, waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, wengine wakaambiwa wazuie nyuso zao zisionyeshe kitu. Nyuso zilitulia, lakini vipimo vya mwili vilionyesha kwamba ndani mwili ulikuwa ukihangaika zaidi, na karaha waliyoihisi haikupungua. Kwa hiyo nyapara anayejisifu kwamba kikosi chake hakina maneno asijisifu sana.

Kilicho chema ni kwamba kufikiri hufundishika. Aliyefungua njia kubwa kwa watu wenye bodalaini ni Marsha Linehan, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mwaka 1991 alitoa matokeo ya matibabu aliyoyabuni. Wanawake waliokuwa wakijidhuru, baada ya mwaka mmoja wa kufundishwa, walijidhuru mara chache zaidi na kulazwa hospitalini siku chache zaidi kuliko wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Na mwaka 2011 mama huyo alisema hadharani jambo ambalo wengi hawakulijua: yeye mwenyewe, akiwa msichana wa miaka 17, alikuwa amelazwa katika hospitali ya akili huko Hartford akijiumiza vibaya. Hakusema haya baada ya kustaafu mahali pa mbali, alisema katika hospitali ile ile aliyolazwa. Tunaona huo ni ujasiri mkubwa kuliko wa vitabu vyote alivyoandika.

Mafundisho yake, ukiyavua maneno makubwa, mengi yanafanana na kazi ya mpimaji mzuri wa mizani. Tenga kilichoonwa na macho na kilichoongezwa na kichwa. "Karani hakunisalimu" ni jambo lililoonekana. "Ananichukia" ni lililoongezwa. Pima kila kimoja peke yake. Jiulize kama liko elezo lingine, pengine karani ameamka na mtoto mgonjwa. Kisha, ikiwa moyo unakusukuma kufanya jambo ambalo ukweli hauliungi mkono, fanya kinyume chake kwa makusudi: unataka kumwaga kikapu, kiweke chini polepole. Lakini Linehan hakuanzia hapo, na hili viongozi wa matawi walishike. Alianza kwa kumkubalia mtu kwamba uchungu wake ni wa kweli. Yeye anaamini kwamba tatizo hili hukua pale ambapo mtoto aliyezaliwa na moyo mwepesi anakulia mahali anapoambiwa kila siku kwamba anachohisi si kitu. Basi mwenzetu akija na kilio chake, ukaanza kwa "Hayo ni mawazo yako tu," umemrudisha utotoni, na wala hatakusikiliza.

Sasa tunafika mahali ambapo jambo hili linakuwa la chama na si la daktari peke yake. Karibu na Boston, katika hospitali ya McLean, Mary Zanarini na wenzake waliwafuata wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa kwa bodalaini. Matokeo ya miaka 10, yaliyotolewa mwaka 2010, yalionyesha kwamba 93 katika kila 100 walipata kipindi cha angalau miaka miwili ambacho dalili zilipungua kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Watu walizoea kuamini kwamba hawa hawaponi, kumbe wengi dalili huwaacha. Lakini walipouliza ni wangapi, pamoja na kuachwa na dalili, walikuwa pia na uhusiano mwema na watu na kazi wanayoimudu, idadi ilishuka ikawa 50 katika kila 100. Dalili zinaondoka, kazi hairudi. Tusomeni hesabu hiyo tena. Na ikiwa mambo ni hayo kwao, itakuwaje kwetu, ambako aliyefukuzwa kazi anafukuzwa na nyumba ya kambi siku hiyo hiyo, na jina lake linatangulia kwenye shamba la jirani kabla yeye hajafika?

Kwa hiyo kumpokonya mtu huyu kazi kwa haraka ni kumpokonya kile ambacho kitamchukua miaka mingi zaidi kukipata tena kuliko afya yenyewe. Hiyo ndiyo sababu yetu, na inatosha.

Wako wanaotuambia kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Waende Harare. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao juu ya shida zao. Kwa Kishona ugonjwa waliokuja nao watu waliuita kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Neno hilo halikutoka Ulaya. Bibi humsaidia mtu kuzipanga shida zake, kuchagua moja, na kupanga hatua moja ya kuitatua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tuseme kweli, benchi lile lilikusudiwa wenye huzuni na wasiwasi, halikuundwa kwa ajili ya matatizo ya hulka, ambayo hudai mafunzo marefu zaidi na mtaalamu nyuma yake. Ila limeonyesha kwamba mtu asiye daktari, akifundishwa vizuri na kusimamiwa, anaweza kumsaidia mwenzake aache kucheua.

Lakini tuwe macho kwa hila mbili. Ya kwanza, waajiri wengine sasa wanaleta wasemaji wa kutufundisha kutuliza mawazo, na wiki ile ile ngwe inaongezwa. Hapana. Mizani ikiwa inaiba, kazi ya akili ni kuona kwamba inaiba. Hakuna elimu ya kufikiri inayomtaka mtu aone uongo kuwa ukweli, hata ya Linehan inasema uangalie mambo yalivyo, na yakiwa mabaya kweli uyatatue. Juni 2022 Shirika la Kazi la Kimataifa liliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi. Nyapara anayetukana hajatibiwa kwa kumfundisha mtukanwaji kupumua polepole.

Hila ya pili ni hatari zaidi. Kesho mwakilishi wetu atagonga meza kudai malimbikizo ya mishahara, na bwana mkubwa atasema: huyu ana tatizo la hulka, apelekwe kwa daktari. Jina la ugonjwa hutolewa na daktari aliyemchunguza mtu kwa maslahi ya mtu huyo. Halitolewi na ofisi ya utumishi, wala na nyapara, wala na sisi viongozi wa chama tunapochoka na mwanachama msumbufu.

Na aliyemjeruhi mwenzake kwa panga, ajibu. Kumtetea mtu ni kuhakikisha anasikilizwa na anapimwa kwa haki. Aliyejeruhiwa naye ni mwanachama.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imetupa mlango, ila wachache wanaupita. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbaya, mwajiri anatakiwa amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amruhusu kuwa na mtu anayemchagua mwenyewe, ampe muda wa kufaa wa kujiandaa, na asikilize utetezi wao. Yule dada wa kikapu aliitwa kikaoni asubuhi kwa ajili ya mchana, na karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mwakilishi wetu alidai muda na Kiswahili, akapewa siku 14. Katika siku hizo alimpeleka hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenye idara ya akili, na kikao kilipokaa hakikuzungumza juu ya kikapu peke yake. Alipewa onyo la mwisho akahamishiwa mizani nyingine. Bado hugomba mara mojamoja. Yuko kazini mwaka wa tatu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya yaingizwe katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja ujao. Mfanyakazi mwenye cheti cha kliniki ya akili aruhusiwe siku ya kliniki bila kukatwa ujira, sawasawa na mwenye kifua kikuu. Kikao cha nidhamu kisikae chini ya siku 7 tangu barua itolewe. Cheti kikae na mganga wa zahanati ya shamba, kisiwekwe kwenye jalada ambalo kila karani analifungua. Na kila tawi lichague wanachama wawili, mwanamume na mwanamke, wa kufundishwa kumsikiliza mwenzao moyo unapopanda. Wasiwe viongozi, maana kiongozi ana haraka.

Waandishi wa matawi walete maoni yao ofisini kwa maandishi kabla ya mazungumzo kuanza, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote wanayoimudu. Jina la mgonjwa yeyote lisiandikwe.